Helikopta Yenye Kiu

Kila asubuhi, kabla ya kumwamkia mtu, Swaumu alizunguka gereji akinusa. Alifungua kifuniko cha tangi moja, akainamisha pua, akakifunga, akaenda kwenye tangi la pili. Petroli iliyolala muda mrefu hunuka kama rangi ya ukuta. Iliyochanganywa na mafuta ya taa hukukumbusha jikoni kwa mtu. Na ile isiyotiwa oili ya kutosha ni kavu, inakwaruza puani. Akimaliza mzunguko wake alikuwa ameshajua siku itakuwaje.

"Muacheni tu," Abu aliwaambia wateja waliomkodolea macho. "Wengine wanaamkianga na chai. Shemeji yangu anaamkianga na petroli."

Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati nyuma ya soko, mjini Kakamega. Ilitengeneza pawasoo za kukatia miti, mashine za kufyeka nyasi, pampu za maji na sprea za wakulima. Abu na mdogo wake Jamal ndio walioianzisha. Jamal alikuwa mume wa Swaumu. Alipofariki, ndugu wengine kule nyumbani Matungu walikaa vikao wakaongea sana, lakini Abu ndiye aliyekuja na pikapu kubeba vyombo vya mjane na binti yake Fauzia, akawatafutia chumba mjini, akamwambia Swaumu njoo uoshe vipuri.

Swaumu aliosha mpaka akaanza kufungua. Alifungua mpaka akaanza kufunga. Kilichobaki kilikuwa skrubu ya mwisho, na hiyo haikuwa yake. Abu alikuwa na desturi yake. Kazi ikikaribia kwisha alikuwa akija, akinyoosha mkono na kusema, "Lete nimalizie." Alikaza skrubu ya mwisho, akavuta kamba, injini ikalia, naye akamgeukia mteja: "Umeona?" Hakuwa na ubaya wowote. Ndivyo alivyofanya hata Jamal alipokuwa hai, na Jamal alikuwa akicheka tu.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo Swaumu hakuwa amemwambia Abu. Huko Isecheno, pembeni mwa msitu, kina mama wana kikundi cha kuotesha miche. Wana pampu ya maji na mashine za kufyeka, na mwenyekiti wao, Jescah Ayuma, alikuwa amechoka kuzibeba hadi mjini kila zikigoma. Alimwambia Swaumu kuna chumba kitupu kando ya kitalu, mlango wake unatazama barabara. Njoo, alisema, uwe fundi wetu, na wa kijiji chote. Kikundi kingekaa Jumamosi, na jibu lilitakiwa kabla ya hapo.

Swaumu hakujibu. Hakumwogopa Abu. Aliogopa mikono yake mwenyewe. Katika maisha yake yote hakuwahi kuifungua injini, akaifunga, akaiwasha, bila Abu kuja kumalizia. Wakati mwingine usiku, akiwa kitandani, aliwaza: na je, kama kinachozifanya zilie ni ile skrubu ya mwisho? Je, kama kiko mkononi mwa Abu?

Basi, Jumatatu hiyo akaja mzee mmoja na sanduku la mbao kwenye bodaboda.

"Mulembe," alisema. Aliitwa Andati. Zamani alikuwa askari wa msitu, na mgongo wake ulikuwa bado umenyooka kama mtu aliye gwarideni. Alifungua sanduku, na ndani yake mlikuwa na helikopta. Ndogo, lakini si ndogo sana. Urefu wake kama mbuzi aliyelala. Mkia wa bomba, mapanga ya mbao yaliyobanduka rangi, na injini ya kweli, yenye mapezi ya bati kama ya pikipiki.

Abu alicheka hadi akashika kiuno. "Mzee, hii tukikutengenezea utaipanda mpaka Kisumu?"

"Nikipanda hii, kijana, hata wewe utaniona peponi." Andati hakukasirika. Akaeleza. Kabla droni hazijajulikana, mtafiti mmoja wa kigeni alitaka kupiga picha vilele vya miti ya msitu, akaja na helikopta hii inayoongozwa kwa redio. Andati alipewa kazi ya kubeba sanduku. "Lakini yule bwana alikuwa anaiangusha kila siku. Mwishowe akanipa mimi ile redio, akashika kamera yake. Alipoenda kwao akaniachia."

Ilikaa darini miaka na miaka. Sasa alitaka kuirusha tena, kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Alikuwa amebadilisha betri, na watu wa klabu ya ndege ndogo za Nairobi walikuwa wamemtumia galoni ya mafuta yake.

"Inawaka vizuri," alisema. "Tatizo ni nguvu. Inainua matako kidogo, halafu inakaa tena, kama mgeni ameambiwa obusuma, ugali, umeiva. Jescah amesema hapa kuna mama ana mkono."

Swaumu haraka akajifanya anatafuta kitambaa, Abu asije akayaona macho yake.

"Hii ni kitu ya mchezo," Abu alisema. "Mimi nina pawasoo za watu. Mama Fauzia, kama unaitaka, ni yako."

Swaumu akaanza kama alivyoanza siku zote. Akafungua tangi, akanusa. Hapakuwa na petroli kabisa. Kulikuwa na harufu ya spiriti, na chini yake harufu nzito ya mafuta ya mbarika, yale ambayo bibi yake alikuwa akiwapaka watoto kichwani. Kama angeijaza petroli kwa mazoea, angeiua siku ileile.

Alipoifungua, ugonjwa ulikuwa wazi. Mafuta ya mbarika yalikuwa yameungua humo ndani zamani, yakakauka, yakawa mekundu na magumu kama sukari nguru iliyogandamana chini ya sufuria. Ekzosi ilikuwa imeziba nusu. Valvu ya kabureta haikuwa ikigeuka sawasawa. Alichemsha vipuri kwenye maji ya sabuni, akavisugua kwa mswaki wa zamani wa Fauzia, akachemsha tena, mpaka bati likang'aa. Ilikuwa kazi safi, naye alijua ni safi.

Alikuwa akirudisha mpira wa mwisho Abu alipokuja, mkono umenyooshwa.

"Lete nimalizie." Kisha akasimama. "Na hii ni nini?"

Ulikuwa mpira mwembamba uliotoka kwenye ekzosi ukaenda kuingia juu ya tangi la mafuta.

"Ilikuja hivyo, shemeji."

"Ilikuja hivyo? Moshi wa moto uingie kwa tangi la mafuta? Wewe umeona pawasoo gani inapumulia mafuta yake?" Akakunja mkono wa shati. Kutoka kiwiko hadi kifundo ngozi yake ilikuwa imekunjamana. Tangi la jenereta lilikuwa limemlipukia akiwa bado mwanafunzi wa ufundi. "Mimi najua hii kitu inaishianga wapi. Kuna mtu alirekebisha kienyeji, na hakuungua kwa bahati yake tu."

Akauchomoa ule mpira. Tundu la ekzosi akaliziba kwa skrubu fupi na gundi ya chuma. Tundu la tangi akaliacha wazi, lipumue.

"Sasa hata mtoto anaweza kukaa karibu. Umeona?"

Swaumu alitazama, akanyamaza. Kwenye pawasoo, Abu alikuwa sahihi kabisa.

Kesho yake waliifunga kwenye benchi kwa mipira ya tyubu ya baiskeli, mapanga yakiwa huru, watu wakiwa mbali. Plagi yake haikurusha cheche. Ilitaka kupashwa kwanza kwa betri mpaka iwe nyekundu. Kisha Swaumu akaizungusha injini kwa drili yenye mpira mbele, nayo ikashika. Ikanguruma taratibu, tamu, kama paka. Abu akatikisa kichwa, amependezwa.

Swaumu akaongeza moto, injini izunguke kwa kasi. Mapanga yakapotea machoni, vumbi likatimka, mipira ya tyubu ikaanza kunyooka. Halafu sauti ikaanza kuwa nyembamba. Nyembamba, nyembamba zaidi, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Benchi likatulia. Akapunguza moto, na injini ikarudia kunguruma kwake kutamu, kama kwamba hakuna lililotokea.

"Ndiyo ileile," Abu alisema. "Inainua matako, inakaa."

Hapo ndipo wiki ilipoanza kuwa ndefu. Swaumu alibadilisha plagi. Aliipulizia kabureta tena. Alifungua zaidi ile sindano inayopima mafuta. Injini ikatoa moshi mwingi ikiwa chini, lakini ilipopanda ikakosa pumzi palepale. Akaichomoa plagi ikiwa bado ya moto: nyeupe, kavu. Akatemea mate kidole na kugusa mapezi ya injini, mate yakachacharika.

"Ina kiu," alisema.

"Kiu gani? Tangi limejaa mpaka shingoni."

"Limejaa. Lakini mafuta hayaifikii."

"Mama Fauzia." Abu aliketi kwenye ndoo, akaongea kwa upole, na upole huo ulimuuma Swaumu kuliko kelele. "Hii ni uzee tu. Ringi za pistoni zimekwisha, hazibani. Mwambie mzee aiweke sebuleni, wageni waione."

Swaumu akaizungusha injini kwa kidole. Ikagoma, ikarudisha kidole nyuma kwa nguvu, kama inasema niache. Injini iliyokwisha ringi hairudishi kidole hivyo. Lakini Abu alikuwa ameshainuka.

Jioni hiyo Jescah alipiga simu. Nyuma yake kulisikika kuku na mtu anayekata kuni.

"Mama Fauzia, tukuandike ama tusikuandike? Kuna mwingine wa Shinyalu anaulizia hicho chumba."

"Nipe mpaka Ijumaa jioni."

"Unangoja nini? Mume hakuna, wa kukuzuia hakuna."

"Nangoja kitu kidogo tu kipae," Swaumu alisema, na Jescah akacheka akidhani ni mzaha.

Ijumaa adhuhuri Abu alioga, akavaa kanzu na kofia, akaenda msikitini. Alikuwa ametoka tu, Mideva akaingia. Mideva hulima mboga, sukuma na saga, nje kidogo ya mji, na ana mdomo.

"Swaumu, hii sprea yenu imenioa ama? Inaniogesha miguu. Sukuma inaniangalia tu, inacheka."

"Umeipiga pampu?"

"Nimeipiga kama ng'ombe ya wenyewe! Haishiki."

Swaumu akaifungua. Washa ya ngozi, ile inayobana ndani ya pampu, ilikuwa imekauka na kukunjamana. Akakata nyingine, akailowesha oili, akaifunga. Akajaza maji, akainua mdomo wa sprea bila kupiga pampu. Matone mawili, kisha basi. Akaushusha chini kabisa. Maji yakatiririka polepole. Akauinua tena; yakakata.

Halafu akapiga pampu. Maji yakaruka hadi kwenye mabati ya jirani.

"Haya sasa!" Mideva akapiga makofi. "Kumbe maji ni kama mtoto wa shule. Bila kusukumwa mgongoni haendi."

Swaumu alibaki amesimama, mdomo wa sprea mkononi, maji yakimwagikia viatu vyake.

"Wee, umeona jini?"

"Nimeona kiu," Swaumu alisema.

Mideva alienda zake akitikisa kichwa. Swaumu akaigeukia helikopta. Tangi lake lilikaa chini na nyuma ya kabureta. Injini ikinguruma taratibu, hunywa kidogo, na kidogo hicho inaweza kukivuta yenyewe. Ikiambiwa ipae inataka mafuta mengi, haraka, na hakuna kinachoyasukuma. Na ule mpira wa ekzosi je? Haukuwa wa kienyeji. Ndio uliokuwa pampu. Moshi uliingia juu ya tangi ukayakandamiza mafuta yaende mbele. Na kadiri injini ilivyofanya kazi, ndivyo ulivyokandamiza zaidi. Sukari nguru ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa kwanza. Ugonjwa wa pili ulizaliwa hapahapa gerejini, kwa skrubu ya mwisho.

Alimpigia Andati kuuliza kama ule mpira ulikuwepo tangu mwanzo.

"Huo? Tangu siku ya kwanza. Yule bwana alikuwa akiupuliza kila asubuhi kuhakikisha uko wazi. Umepotea?"

"Haujapotea, mzee. Njoo saa ya chai, uje na redio."

Abu alikuwa bado msikitini. Skrubu ile angeweza kuing'oa, akaurudisha mpira, na Abu asingejua. Swaumu aliishika bisibisi, akaiweka chini. Kazi ya kujificha isingemjibu lile swali lake la usiku. Akaketi akangoja.

Abu aliporudi, bado na kanzu yake, Swaumu aliinuka. "Shemeji, ile skrubu naitoa."

"Skrubu gani?"

"Yako. Ya ekzosi."

Abu alikunja mkono wa kanzu mpaka kovu likaonekana lote.

"Nimeliona," Swaumu alisema. "Nililiona siku ileile, ndiyo sababu nilinyamaza. Lakini hii si petroli na hii si pawasoo. Ni kama sprea. Bila kusukumwa, mafuta hayapandi."

"Na moto?"

"Utaushika mpira mwenyewe. Ukikuunguza, nairudisha skrubu mbele yako na sitaigusa tena."

Abu akatoka nje. Swaumu alidhani amekasirika, lakini alirudi na ndoo ya mchanga, akaitua kando ya benchi kwa kishindo. "Ikiwaka moto, usiseme sikukuambia."

Swaumu akaitoboa gundi, akaing'oa skrubu, akaurudisha mpira kutoka ekzosi hadi tangini. Akapasha plagi. Drili ikalia, injini ikashika. Aliiacha ipate joto, kisha akamwonyesha Abu ule mpira kwa kidevu. Abu alisogea kutoka nyuma, mbali na mapanga, kama mtu anayemkaribia mbwa asiyemjua. Akaugusa, akatoa kidole. Akaugusa tena, akakiacha hapo.

"Ni vuguvugu tu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Rudi nyuma, shemeji."

Akaongeza moto. Sauti ilipanda. Pale ilipokuwa inaanza kuwa nyembamba, haikuwa nyembamba, ilinenepa. Maranda ya mbao yakaruka kutoka sakafuni, mabati yakatetemeka, kofia ya Abu ikamtoka kichwani ikaenda kukwama kwenye mnyororo wa pawasoo. Mipira ya tyubu ikanyooka kama kamba za kufungia ng'ombe, na miguu miwili ya benchi ikainuka kutoka ardhini.

Ilibaki sindano kupimwa, robo ya mzunguko huku au kule. Abu, uso wote ukimwaka, akanyoosha mkono.

"Lete nimalizie."

Swaumu aligeuza bega likawa katikati ya mkono wake na injini. Hakufanya kwa nguvu. "Hii namalizia mimi," alisema.

Akasikiliza. Akarudisha sindano kidogo, mpaka injini ikatoa uzi mwembamba wa moshi na sauti ikakaa mahali pamoja. Akaizima.

Andati alifika na miguu ya mianzi aliyoitengeneza nyumbani, mirefu, ya kuizuia isipinduke. Waliipeleka kwenye uwanja mtupu nyuma ya soko, na nusu ya mafundi wa jua kali wakawafuata. Mzee aliwarudisha watu mbali, akavuta antena ndefu ya redio, akajipangusa viganja kwenye suruali. Helikopta ikanguruma. Ikawa nyepesi kwenye mianzi yake. Ikasita.

Ikapanda.

Ilipita magoti, ikapita kifua, ikafika usawa wa paa la banda na kukaa hapo, ikitikisika kidogo upepo ulipokuja, mkia ukiyumba huku na huku na mzee akiurudisha. Midomo ya Andati ilikuwa ikisema kitu peke yake. Watu walipiga mluzi. Mtu akapaza sauti, "Peleka Lumakanda!" na mwingine, "Iachie, inajua njia!"

"Imetengenezewa kwetu hiyo!" Abu aliwatangazia wote. "Gereji yetu!"

"Wewe ndiye uliyeitengeneza?" seremala mmoja alimuuliza.

Abu alifungua mdomo. Akamtazama Swaumu, ambaye hakuwa akimtazama; alikuwa akitazama juu. "Mimi," alisema, "nilikuwa wa ndoo ya mchanga."

Helikopta ilipotua, Andati alimshika Swaumu mikono yote miwili akaitikisa, na yake ilikuwa inatetemeka sasa, lakini si kwa uzee. Swaumu alisogea pembeni akapiga simu.

"Jescah. Niandike."

Abu alikuwa nyuma yake. "Uandikwe wapi?"

Alimweleza wakirudi gerejini: kitalu, chumba, mlango unaotazama barabara. Abu alitembea huku ameinamisha kichwa.

"Si ungeniambia mapema?"

"Nilikuwa sijui."

"Hukujua nini?"

"Kama naweza kumaliza."

Walipofika, Abu alikuna kidevu, akachomoa kofia yake kwenye mnyororo, ikiwa na doa la oili, akaivaa hivyohivyo. "Jamal alikuwa ananiambianga nikuachie spana. Mimi nilidhani ananichokoza." Kisha, haraka, kama mtu anayeogopa kunyamaza: "Lakini Jumatatu utakuja. Kuna ile pawasoo ya mtu wa Lumakanda, inasumbua. Hiyo umalizie, ndiyo uende."

Swaumu alinawa mikono kwa sabuni ya unga na maranda, mpaka kwenye kucha. Alivua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Fauzia alikuwa karibu kutoka shule, na vyombo vilikuwa bado havijafungwa.

"Hiyo pawasoo itie oili ya kutosha," alisema. "Yule mtu anaibania. Assalamu alaikum, shemeji."

"Waalaikum salaam," Abu alijibu. "Jumatatu, basi."

Alitoka. Alipita kwa wauza miwa na wachomeleaji milango, hatua zake si za haraka, akaingia barabarani.

Jumatatu Abu aliiweka ile pawasoo kwenye benchi la Swaumu. Ililala hapo asubuhi nzima. Mchana alienda mlangoni, akaangalia barabara, akarudi, akaifungua mwenyewe.